Bawaba za milango ya kabati inayozama ndani ya fremu: uzoefu wangu

Mlango wa kabati unaolalia juu ya fremu husamehe mengi, kwa sababu hufunika kingo. Ule unaozama ndani ya fremu hausamehi. Mwanya unauzunguka pande zote nne, na ukianza na milimita 2 juu ukaishia na 3 chini, mgeni asiyejua lolote la useremala ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Kwa hiyo kwa milango hii naichagua bawaba kwa jinsi itakavyoniwezesha kuutawala ule mwanya. Urembo nautazama baadaye.

Kwenye kabati nililomaliza karibuni nimetumia aina mbili. Milango midogo ya juu nimeifunga bawaba za kawaida za shaba ya manjano, zile za mabawa mawili na pini katikati. Kwa sura hazina mpinzani, hasa pini inapoonekana mbele kwenye mbao nyeusi. Lakini zinadai patasi kali na subira. Bawa likizamishwa mno, mlango unavutwa upande wa bawaba na kubana; lisipozama vya kutosha, mlango unasukumwa na kusugua fremu upande wa pili. Lililozidi kuzama linainuliwa kwa kipande cha kadi chini yake, na sioni aibu kufanya hivyo. Skrubu za shaba ni laini na hukatika upesi, basi mimi hutoboa kwanza, nikaingiza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ifungue njia, nikaitoa, ndipo naingiza ya shaba iliyopakwa nta. Kumbuka pia kizuizi au sumaku ndani ya kabati, maana bawaba hizi haziuzuii mlango kupitiliza.

Milango mipana ya chini nimeipa bawaba za kikombe, zinazokaa kwenye tundu la milimita 35 nyuma ya mlango. Hapa angalia mkono wa bawaba kabla ya kulipa. Ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubao wote wa pembeni, uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubao mmoja, na uliopinda sana ndio wa mlango unaozama. Kwenye boksi zinafanana mno, na mkono ulionyooka hautafanya kazi hii hata uhangaike vipi.

Sahani ya kufungia, ile inayoushika mkono wa bawaba kwenye ubao wa pembeni, nayo inarudi ndani zaidi. Kwa mlango wa kulalia, mstari wa skrubu kwa kawaida huwa milimita 37 kutoka ukingo wa mbele. Kwa mlango unaozama unaongeza unene wa mlango, hivyo mlango wangu wa milimita 18 ulinipeleka hadi 55. Na kama fremu yako imejitokeza ndani kuliko ubao wa pembeni, pachika kipande cha mbao nyuma yake kwanza, ili sahani ikae usawa mmoja na ukingo wa fremu.

Sipendi sura ya bawaba za kikombe mlango ukiwa wazi. Ni chuma kingi, na mkono unakula nafasi ya ndani. Lakini baada ya kuzifunga, bisibisi inausogeza mlango kushoto na kulia, juu na chini, mbele na nyuma. Unyevu ulipozidi, mbao za milango ile mipana zilitanuka na mwanya ukabana upande mmoja. Nilizungusha skrubu, mwanya ukarudi katikati. Skrubu haziongezi mwanya, zinaugawa tu, kwa hiyo mbao ikitanuka kupita kiasi bado utashika randa. Ile midogo ya juu haikuhitaji chochote, kwani mbao nyembamba hutanuka kidogo.

Kwa hiyo milango mipana ya mbao nzima nitaendelea kuipa kikombe, na myembamba nitaipa shaba.