Kaunsela aliyepokea simu katikati ya tiba ya macho, Malindi

Kituo chenyewe sikitaji jina. Nataja kilichofanyika, maana kinaweza kumpata yeyote anayekwenda kutibiwa kiwewe kwa kutembeza macho, ile tiba inayoitwa EMDR: kaunsela alipokea simu mkupuo, yaani duru moja ya kutembeza macho, ukiwa katikati.

Asiyeijua tiba hii ataona ni utovu wa adabu tu. Laiti ungekuwa huo tu. Kabla macho hayajaanza kutembea, mtaalamu hukutaka uchague picha moja ya tukio, ile inayouma kuliko zote. Useme unajionaje ukiitazama: "sina uwezo", "kosa ni langu". Useme ungetamani uamini nini badala yake, na unakiamini kiasi gani, 1 hadi 7. Kisha utaje uchungu ulivyo sasa hivi, 0 hadi 10, na umekaa wapi mwilini: kifuani, kooni, tumboni. Maswali yote hayo yanaiwasha kumbukumbu kwa makusudi. Ndipo vidole viwili huanza kupita mbele ya uso, kushoto na kulia, kama mara 24 au zaidi, karibu nusu dakika. Kichwa kimetulia, macho ndiyo yanayofuata. Vidole vikisimama unaambiwa uvute pumzi, unaulizwa kimekuja nini, unajibu kwa maneno machache, mkupuo mwingine unaanza.

Maelezo yanayonishawishi ni kwamba akili haiwezi kushika mengi kwa wakati mmoja. Macho yakiwa kazini, picha hukosa nafasi ya kutosha, ikapungua makali, na inaporudi kuhifadhiwa hurudi imefifia. Sasa mtu akiinuka kwenda kuzungumza na simu dirishani, picha inabaki imewaka na hakuna kinachoipunguza.

Uchungu wangu ulikuwa 8. Kaunsela aliporudi hakuuliza namba. Alitazama saa, akasema, "Muda wetu umekwisha, utakuwa sawa tu. Pesa tuma kwa M-Pesa, namba iko ukutani."

Kikao cha EMDR hupangiwa dakika 60 hadi 90 kwa sababu hii hasa, na dakika 10 au 15 za mwisho ni za kufunga. Namba isiposhuka hadi 0 au 1, hatua ya kupandikiza ile imani njema haifanywi, wala ile ya kuupekua mwili kutoka utosini hadi unyayoni. Mtaalamu husimamisha kazi kwa maneno wazi, humrudisha mgonjwa kwenye mahali pake pa utulivu walipopafanyia mazoezi tangu mwanzo, humwambia akifungie kilichobaki ndani ya sanduku lenye kufuli akilini mwake, humtazamisha chumba na kumtajisha anavyoviona. Humwonya pia kwamba siku zinazofuata huenda zikaleta ndoto nzito na kumbukumbu mpya, ayaandike kwa ufupi daftarini: kilichomshtua, picha iliyokuja, namba. Kaunsela huyu hakufanya hata moja. Mtu ana 8 kifuani anatolewa kwenye jua la saa saba atafute tuktuk!

Haki yake nimpe. Mwanzo aliufanya vizuri. Viti aliviweka ubavu kwa ubavu vikitazama pande tofauti, kama majahazi yanayopishana, jinsi inavyofundishwa. Alijaribu umbali wa mkono na kasi kabla ya kugusa kumbukumbu yoyote. Aliuliza kuhusu kifafa na maradhi ya macho, akaeleza kwamba macho yakiuma kazi hiyohiyo hufanywa kwa kugongwa viganja kwa zamu, na kwamba mkono ukiinuliwa maana yake simama. Hakudai kusimuliwa tukio. Hili ni kubwa katika mji kama wetu, ambako shangazi yake kaunsela anaweza kuwa jirani yako: EMDR inakuruhusu kuishika picha kichwani bila kuianika. Kwa hayo nilikusudia kumpa nyota tatu.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba anayejua kuwasha hivi anajua pia kufunga. Aliacha akijua. Nyota moja.

Tiba yenyewe msiitupe. Francine Shapiro aliianza Marekani mwaka 1987, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye maradhi yatokanayo na kiwewe. Wapo watafiti wanaobisha kwamba kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu, macho hayaongezi kitu. Hata wakiwa sahihi, kumbukumbu iliyofunguliwa lazima ifungwe.

Kwa aliyeachwa wazi hivyo usiku wa leo: pishanisha mikono kifuani, viganja viwe juu karibu na mabega, ugonge kwa zamu, polepole, mara chache, huku ukiwaza mahali pako pa utulivu. Mtindo huu ulitokana na kazi ya kuwasaidia walionusurika kimbunga Pauline huko Acapulco, Mexico, miaka ya 1990. Usigonge huku ukiiwaza ile picha mbaya ukiwa peke yako. Ukigonga haraka na kwa muda mrefu unaweza kuichochea badala ya kujituliza.

Na kwa anayetaka kuanza, uliza kabla ya kutoa pesa. Amefunzwa EMDR yenyewe, au anajua ushauri nasaha wa kawaida tu? Namba isiposhuka, kikao anakifungaje? Simu yake huwa wapi wakati huo? Kipindi ni cha muda gani? Akikwambia nusu saa inatosha, usikae.