TAHADHARI: "Tiketi moja, Ulaya nzima" inayouzwa WhatsApp

Ndugu zangu mlioko huku, na ninyi mnaosubiri wageni kutoka nyumbani, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya Waswahili wa Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi akijiita wakala wa treni. Kiswahili chake safi, salamu ndefu, "dada yangu" haziishi. Tangazo ni lile lile kila mara: tiketi moja, Ulaya nzima, nusu bei.

Majuzi kamtapeli binti wa jirani yangu hapa Köln. Binti kaja kutoka Dar kwa viza ya matembezi, akataka kwenda Paris kumsalimia shangazi yake. Akalipa euro 180, akatumiwa skrinishoti ya pasi ya Interrail, ile ya kupandia treni katika nchi nyingi za Ulaya. Nimeishika simu yake nikaiangalia: jina limetiwa ukungu, namba ya pasipoti imekatwa nusu, na tarehe iliyopo kwenye picha ni ya kabla hata hajaanza kuongea na huyo jamaa. Ina maana picha hiyo hiyo keshauziwa mtu mwingine. Mkaguzi hakuhangaika na QR. Alimwambia aifungue pasi ndani ya app yenyewe, akashindwa. Akateremshwa Aachen na begi lake.

Na hata ingekuwa ya kweli isingemfaa. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Wewe mwenye kibali cha kuishi huku unaruhusiwa hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania au Kenya, ila mgeni aliyetoka nyumbani anakata Eurail, pasi kama hiyo ya wasio wakazi. Zote mbili zina jina la mtu na namba ya kitambulisho chake, kwa hiyo haziuzwi tena wala haziazimwi. Halafu pasi siyo siti. Eurostar (ndiyo treni nyekundu ya Köln kwenda Paris, zamani Thalys), TGV (treni za kasi za Ufaransa) na treni za usiku zinataka ulipie nafasi kando, juu ya pasi. ICE, treni za kasi za ndani ya Ujerumani, kwa kawaida hazidai hivyo. Mkazi wa Ujerumani naye Interrail haimpi kuzurura Ujerumani atakavyo: safari moja ya kutoka nchini, moja ya kurudi. Hayo yote jamaa hayataji.

Janja yake ya pili ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu tiketi inakuwa halali kabisa siku unayotumiwa. Anakata tiketi ya bei kamili, ile Flexpreis, kwa akaunti yake, jina lako limeandikwa, PDF imenyooka. Ukishamlipa, anaifuta. Tiketi ya aina hiyo ikifutwa kabla ya siku ya safari hela hurudi, yote au karibu yote, na inarudi kwenye kadi iliyolipia, yaani yake. Wewe unabaki na karatasi ambayo kwa macho haina kasoro yoyote, mpaka mashine ya mkaguzi iseme imefutwa. Kama tayari unayo tiketi ya namna hii, chukua namba ya oda iliyomo kwenye PDF, iingize kwenye DB Navigator (app ya DB, shirika la reli la Ujerumani) pamoja na jina la ukoo, uone kama bado ipo. Rudia kuangalia kabla hujatoka nyumbani siku ya safari.

Anauza pia Deutschlandticket (tiketi ya treni za mikoa na mabasi ya mjini Ujerumani nzima) "ya mwaka mzima" kwa bei ya kutupa. Jamani, hiyo ni ya mwezi kwa mwezi, ina jina la mtu, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na tangu Januari 2026 ni euro 63. Za bei poa mara nyingi zimelipiwa kwa akaunti za benki za watu walioibiwa taarifa zao. Mwenye akaunti akigundua, benki inarudisha hela na tiketi inafungwa, na wewe ndiye uliyekaa nayo behewani. Mwenye viza ya kuhesabu siku asijiingize huko. Na kumbuka haipandi ICE, IC wala EC, yaani treni za masafa marefu, hivyo habari ya kwenda nayo Paris ni uongo mtupu.

Nafuu ya kweli ipo, na haihitaji wakala. Sparpreis, tiketi ya bei nafuu ya DB, ukiikata mapema inashuka sana, ila inakufunga kwenye treni ile ile iliyoandikwa. Ukisikia mtu anauza Sparpreis huku anasema "panda yoyote siku hiyo", anakudanganya. Kateni kwenye tovuti za mashirika yenyewe, DB, ÖBB (Austria), SNCF (Ufaransa), Eurostar, au nendeni dirishani. Safari ya kubadilisha treni ombeni iwe tiketi moja ya safari nzima, mwanzo hadi mwisho. Treni ikichelewa saa moja kwenye safari ya namna hiyo, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa robo ya nauli, saa mbili nusu yake. Ukiwa umekata vipande vipande na ukakosa treni ya pili, mara nyingi hasara ni yako.

Anapendelea kulipwa PayPal kwa njia ya "marafiki na familia", na hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Aliyelipa kwa kadi apige benki leo aombe hela irudishwe. Aliyelipa kwa njia nyingine apeleke malalamiko polisi; majimbo ya Ujerumani yanapokea mtandaoni kupitia Onlinewache. Namba ya simu anabadilisha kila mara, kwa hiyo msifute mazungumzo yake wala risiti.