Mafua au mzio: utajuaje?

Pua inachuruzika, chafya haziishi, kichwa kizito. Wengi tunasema "nina mafua" na kuishia hapo, kumbe huenda ni mzio, au aleji kama tulivyozoea kuuita.

Anza na muwasho. Mzio huwasha macho, pua, hata kaakaa, mpaka mtu anajikuna kwa ulimi. Chafya huja mfululizo, tano sita kwa mpigo, na makamasi huwa mepesi kama maji. Mafua nayo yanaweza kuanza hivyo, ila baada ya siku mbili tatu makamasi huwa mazito, koo linauma, mwili unalegea, na pengine homa kidogo. Homa ndiyo dalili ninayoiamini zaidi, maana mzio hauleti homa.

Muda nao unasema. Mafua ni kazi ya virusi, na mara nyingi huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio ni kinga ya mwili kupigana na kitu kisicho adui: chavua, vumbi la nyumbani, paka. Kitu hicho kikiendelea kuwepo, utapiga chafya kwa wiki kadhaa. Ukikung'uta blanketi lililokaa kabatini na chafya zikaanza palepale, usimlaumu aliyekukoholea jana.

Dawa aina ya antihistamini hutuliza mzio. Antibiotiki haitibu mzio wala mafua. Ila ulimi ukivimba au pumzi ikibana, usingoje kulinganisha chochote, kimbilia hospitali.