Kula Sinza, angalia saa kwanza

Wakuu, kuna swali halikauki: Sinza nikale wapi bila kuingia hotelini? Mi nakaa huku na nakula nje kuliko ninavyopika, na jibu langu kila siku ni niambie kwanza unakuja saa ngapi. Banda lile lile linalotoa supu ya kufa mtu saa moja asubuhi, ukipita saa nne unapewa maji ya moto yenye chumvi, na ile baa unayoipita mchana viti vimepinduliwa juu ya meza kama imefilisika ndo usiku watu wanatoka Kimara na Tegeta kufuata kitimoto, yaani nyama ya nguruwe.

Kwa ambao hamjafika, Sinza ni huku Dar es Salaam, ilipimwa viwanja miaka ya 1970 watu wajenge nyumba za kuishi, mradi ulikuwa na mkono wa Benki ya Dunia, ndo maana mitaa imenyooka na nyumba nyingi zina uwanja mbele. Sasa huo uwanja wa mbele ndo jiko la leo. Mwenye nyumba kavunja ukuta upande wa barabara, kapangisha fremu, mwingine kaweka turubai na meza za plastiki, basi, mgahawa tayari. Vibao vya matangazo msivifuate sana, nyingi ya sehemu ninazozisifia hapa hazina hata jina, zinaitwa "pale kwa mama" au "pale kwenye mwembe".

Asubuhi ni supu. Kuanzia Kijiweni mpaka Kumekucha hukosi, ya ng'ombe, ya mbuzi, makongoro, utumbo, na wikiendi kwa Wachaga utapata mtori wa maana. Supu nzuri imechemka toka usiku, kwa hiyo wa kwanza kufika ndo anakunywa jasho la mifupa, wateja wakizidi mpishi anaongeza maji, mifupa haongezi. Ikizidi saa tatu mi siagizi, bora chai na chapati. Halafu angalia chapati zinapikwa pale pale au zimeletwa kwenye ndoo toka kwingine, maana ile ya kwenye ndoo ikifika mezani imeshatoa jasho, ukiichovya inakatikia bakulini. Ndimu na pilipili mbuzi viwe juu ya meza bila kuomba, ukiona ndimu inagawiwa kipande kimoja kimoja ondoka tu.

Mchana sina maneno mengi, ni mama ntilie. Wali maharage ya nazi na mchicha, au ugali dagaa, bei ya kawaida ya mtaani, samaki wa kukaanga akiingia inapanda kidogo. Wahi kabla ya saa nane, baada ya hapo unakwangua ukoko na maharage yamebaki mchuzi.

Jioni ndo kasheshe, sababu chipsi ziko kila kona kuanzia Afrika Sana mpaka Mori na watu wanadhani zote sawa. Hazifanani. Viazi vya chipsi vinakaangwa nusu mapema vinawekwa kwenye kabati la kioo, ukiagiza ndo vinarudishwa kwenye mafuta, huo ni utaratibu wa kawaida wala sio kosa. Kosa ni pale zile zilizolala kabatini toka saa tisa zinapopigwa mayai juu juu upewe zege isiyo na ladha. Kwa hiyo nenda muda watu wanatoka makazini, saa moja, moja na nusu, chipsi haipati nafasi ya kulala. Angalia rangi ya mafuta, yakiwa meusi kama oili ya bodaboda ruka banda linalofuata. Mishkaki ya jirani yake kula ila uliza imelainishwa na nini, papai bichi likizidi nyama inakuwa unga unga mdomoni, na hilo wengi wanalifanya kuficha nyama ngumu.

Sasa kitimoto. (Msiokula mnisamehe, rukeni aya hii.) Hapa Sinza haina mpinzani na sibishani na mtu. Nyama inapimwa mbichi, kwa hiyo nusu kilo ikitoka jikoni imeshapungua, sio umeibiwa, imeacha maji na mafuta. Lakini simama mwenyewe mbele ya mzani, kuna baa moja, jina naliacha, mhudumu alitaka nibaki mezani akapime yeye, nikamfuata, mshale wa mzani ulikuwa umeanza safari kabla nyama haijawekwa. Nilinyanyuka nikaenda ya pili yake. Agiza rosti kama una njaa ya ugali, kavu kama unashushia bia, na ndizi za kukaanga hazikosi pembeni na kachumbari. Iive kabisa, mambo ya nyama ya nguruwe yenye damu damu sio ya kujaribu, kuna tegu. Na ukifika uvumilie, nyama iliyoletwa haraka sana ni ya mtu mwingine aliyeondoka, imepashwa.

Huduma kwa ujumla? Wastani. Vijana wa kunawisha wenye jagi la maji ya vuguvugu ni wakarimu kuliko wanaochukua oda, malipo karibu kote ni lipa namba kwa hiyo hamna ile "chenji ngoja nikatafute". Muziki wa baa ndo unanitoa roho, spika mbili zinagombana toka pande mbili za barabara na wewe katikati unapiga kelele "ongeza pilipili!" analeta bili.

Tahadhari nyingine, siku ya Simba na Yanga usiagize kitu cha kukaanga kipindi cha pili kikianza. Mpishi yuko kwenye TV, ukimgusa anakujibu vibaya, na timu yake ikifungwa ndo kabisa, chipsi zinaungua hivi hivi. Siku hiyo chukua mihogo ya kuchoma ya barabarani na juisi ya miwa yenye tangawizi, mkamuaji ana redio yake mfukoni na mikono inaendelea na kazi.