Darubini ya elfu sitini: Hombolo ilifaulu, Saadani ikaniangusha

Mbukwenyi, wapendwa! Huo upepo mnaousikia kwenye maikrofoni ni wa kwetu Dodoma, nivumilieni tu. Leo mezani nina darubini hii hapa. Jina lake nimelibandika plasta, sijaja kugombana na mtu. Niliinunua elfu sitini sokoni, na ubavuni imeandikwa 10x25. Ikumbukeni hiyo namba.

Kabla ya safari niliijaribu bwawa la Hombolo. Jua la Hombolo la saa nne mnalijua. Ndege wa ng'ambo ya bwawa niliwaona mpaka manyoya ya shingo. Nikarudi nyumbani najigamba, nikasema hii ndiyo naenda nayo Saadani.

Saadani kwa asiyeijua ni ile hifadhi ambayo nyika yake inakwenda kuishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, kati ya Bagamoyo na Pangani. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Sisi tulipita Morogoro, Chalinze, Msata, tukavuka mto Wami, tulipofika Mandera tukaacha lami na kula vumbi la Miono. Twiga wa kwanza alisimama karibu na barabara, kuro wakawa wanakula zao bila habari na sisi. Hapo darubini ilikaa shingoni kama mkufu.

Kazi ilianza msitu wa Zaraninge. Jamani, sisi watu wa mibuyu na miiba tumezoea kuona mbali. Kule ukiingia, mchana unageuka magharibi. Muongozaji wetu akanyoosha kidole: "Pale juu dada, penye tawi lililovunjika, mbega." Nikaweka darubini. Nyeusi juu ya nyeusi. Nikazungusha gurudumu mpaka kidole kikauma, nyeusi ileile. Akanivulia ya kwake, kuukuu, nzito kama tofali, imeandikwa 8x42. Mbega huyo hapo! Manyoya meupe yananing'inia mabegani, anatafuna majani huku ananitazama mimi.

Sasa sikilizeni, maana ndiyo sababu ya video hii. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Yangu: 25 kwa 10, ni milimita 2.5. Ya kaka muongozaji: 42 kwa 8, zaidi kidogo ya 5. Juani mboni ya jicho imejibana, kwa hiyo 2.5 inatosha, ndiyo maana Hombolo nilidanganyika. Msituni mboni inafunguka inatafuta mwanga, na darubini yangu haina wa kuipa. Muuzaji aliniambia kumi ni kubwa kuliko nane. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ya kwangu ndiyo hakuiuliza.

Kesho yake tukapanda boti mto Wami, mikoko huku na huku, viboko wanakoroma. Kinachokuza mara kumi kinakuza na mtikisiko mara kumi. Kiboko alikuwa anacheza ngoma humo ndani. Mamba nilimwona kwa macho yangu makavu, tena karibu kuliko nilivyotaka.

Halafu ukungu. Nililala chumba chenye kiyoyozi, asubuhi nikatoka na darubini ya baridi kwenye joto la pwani, vioo vikatoka jasho. Hilo la nje unasubiri dakika chache, linaisha. La kwangu liliingia ndani, na mpaka leo doa lipo, mnaliona hapo? Darubini zilizozibwa vizuri kwa mpira na kujazwa gesi ya naitrojeni hazipati hilo. Na ukitoka ufukweni usifute kioo kwa kanga. Puliza kwanza, chumvi na mchanga vinakwaruza. Nimejifunza kwa hasara.

Ufukwe wa Madete, wanakotaga kasa, siutii kwenye uchambuzi. Kasa wanapanda usiku, na usiku darubini hii ni uzito tu wa mfukoni.

Ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, ishike mbali na uso, kama urefu wa rula, ielekeze kwenye mwanga. Utaona viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya kutazamia. Vikiwa duara safi, sawa. Vikiwa vimekatika pembeni kama mraba, kioo cha ndani ni cha bei rahisi. Na vile vioo vyekundu vinavyong'aa kama vito, nawaomba mviache. Vinarudisha mwanga mwekundu nje, kwa hiyo ndani kila kitu kinakuwa na rangi ya kijanikijani.

Alama zangu: kwa Hombolo na mashamba ya zabibu, saba kwa kumi. Kwa Saadani naipa tatu, na moja kati ya hizo ni ya wepesi wake. Kama unakwenda msituni, jikusanye ununue 8x42 hata iliyotumika, au mwombe muongozaji, wengi wanayo.

Hii yenyewe jioni naipeleka kwa mjomba, kule Mpunguzi. Ana mbuzi wanaopanda kilima, na doa la ukungu amesema halimsumbui, mbuzi wake anawajua.