Saluni ya Sinza: mkono mwepesi, ubao wa bei mgumu

Nanyoa pale mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo siongei kwa kusikia. Kinyozi wa kiti cha dirishani ana mkono mwepesi. Mashine anaifuta kwa spiriti ukiangalia, wembe anaufungua mpya mbele ya macho yako, na kovu langu la kisogoni halijawahi kumshinda. Feni ni moja, na imeelekezwa kwa mzee mwenye saluni. Joto la Februari utalivumilia mwenyewe.

Mzee ndiye burudani na ndiye tatizo. Jumamosi iliyopita taarifa ya habari ilikuwa Marekani, naye akatangaza kwamba kura ya mwananchi kule ni mapambo tu: bunge la jimbo likichukia matokeo, linateua wajumbe wake wa kumchagua rais, basi, kwisha. Mimi nafundisha Uraia sekondari. Kunyamaza sijui.

Nikamwambia nusu kapatia. Katiba yao, Ibara ya Pili, inasema kila jimbo litateua wajumbe kwa namna bunge lake litakavyoelekeza. Wajumbe wote 538, mwenye 270 kashinda. South Carolina bunge liliendelea kuteua lenyewe hadi 1860, Colorado wakafanya hivyo 1876. Na mwaka 2000, katika kesi ya Bush na Gore, wagombea urais wa mwaka ule, Mahakama ya Juu ilisema mwananchi hana haki ya kikatiba ya kuwapigia kura wajumbe hao mpaka bunge la jimbo lake liamue kumpa.

Mzee akapiga paja. Kinyozi akazima mashine. "Ticha, kumbe mzee yuko sahihi?" Mimi huku upande mmoja kipara, upande wa pili msitu.

"Washa mashine nikumalizie," nikasema. Siku ya kuchagua wajumbe haipangwi na jimbo, inapangwa na Congress, yaani bunge la taifa, na tangu sheria ya 1845 ni siku moja nchi nzima. Bunge la jimbo linaweza kubadili utaratibu kabla ya siku hiyo. Watu wakishapiga kura, gari limeondoka. Mwaka 2020 Trump na watu wake waliwabana wabunge wa majimbo kadhaa aliyoshindwa wateue wajumbe wengine, na hakuna bunge hata moja lililothubutu. Sheria ya 2022 ikakaza nati: wajumbe wateuliwe kwa sheria za jimbo zilizokuwepo kabla ya siku ya uchaguzi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, ikakataa hoja kwamba bunge la jimbo haliguswi na mahakama za jimbo lake, ingawa kesi ile ilihusu uchaguzi wa Congress, si wa rais.

Mzee hakujibu. Akabadilisha chaneli.

Sasa nije kwenye lawama yangu. Nilipokaa kwenye kiti ubao ulisema 4,000. Nimeshanyolewa, nimeshafutwa kwa taulo la moto (lile taulo, kwa kweli, peke yake linatosha kukurudisha), naambiwa 5,000, bei imepanda leo. Imepanda saa ngapi? Chaki bado inasoma 4,000!

"Mzee wangu," nikasema, "hapa unateua wajumbe wakati kura zimeshahesabiwa."

Foleni nzima ikacheka, hata kinyozi, ambaye nadhani alilipia kicheko kile jioni. Mzee akapokea 4,000 yangu bila kuniangalia, akainuka, akafuta ubao kwa kiganja, akaandika 5,000 kwa tarakimu kubwa. Hapo sikuwa na neno, kafuata utaratibu.

Kunyoa, nyota tano. Bei, nyota mbili. Kijana aliyekuwa anafuata alisoma ubao, akajishika nywele, akaenda zake kunywa chai.