MOF au zeolaiti: kichocheo kipi cha kutumia tena na tena?

Kwa bei, zeolaiti iko mbele sana. Imeundwa kwa silikoni, aluminiamu na oksijeni, na viwanda vya mafuta huitumia kwa tani. MOF ni atomu za metali zilizounganishwa na molekuli za kaboni hadi zikafanya kimia chenye vitundu, na mara nyingi molekuli hizo ndizo zinazokula pesa.

Kwenye uimara, usizipime MOF zote kwa kipimo kimoja. HKUST-1 ya shaba, ya mwaka 1999, huharibiwa na unyevu. UiO-66 ya zirkoni, iliyotoka Oslo mwaka 2008, huvumilia maji vizuri, ila besi kali huibomoa. Zeolaiti ikiziba kwa masizi, ichome kwenye tanuri kwa nyuzi 550 hivi, inarudi kazini. MOF ukiifanyia hivyo umeiteketeza. Hiyo huchujwa, ikaoshwa kwa methanoli na kukaushwa taratibu.

Hata hivyo, MOF ina sifa ninayoithamini mno: unachagua ukubwa wa vitundu na kilichomo ndani. Milango ya vitundu vya ZSM-5, aina ya zeolaiti, ina nanomita 0.55 hivi, ya MIL-101, aina ya MOF, hufika 1.6. Ukiwa na molekuli nono za dawa na joto la wastani, ningeelekea MOF. Kwa molekuli ndogo, joto kali na bajeti finyu, zeolaiti.

Yoyote utakayochukua, chuja mchanganyiko ungali moto, mmenyuko ukiwa nusu njia. Kioevu kikiendelea kutoa zao bila kichocheo, jua metali imevuja.